Taa Ilizimika, Vali Ikabaki Wazi

Mtazame mama anayekaanga maandazi asubuhi karibu na kituo cha basi. Macho yake yako kwenye mafuta. Yakipoa, maandazi yanayanyonya na wateja hawarudi kesho. Yakizidi moto, maandazi yanaungua nje na ndani yanabaki unga mbichi. Kama mama huyo yuko peke yake, atagundua kwamba makaa yameishiwa nguvu pale tu mafuta yatakapokuwa yameshapoa, na hapo amekwisha chelewa, kwa sababu makaa mapya hayakolei kwa dakika moja. Lakini kama ana kijana wa kuchochea jiko, mambo yanabadilika. Kijana hana habari na maandazi. Kazi yake ni moto tu. Mama akimwambia ongeza moto kidogo, hamwambii aweke vipande vingapi vya makaa; hilo ni la kijana mwenyewe. Upepo ukivuma au makaa yakiwa na unyevu, kijana anarekebisha mapema, mafuta yasipate hata nafasi ya kupoa.

Hiyo ndiyo kanuni ninayotaka tuizungumzie wiki hii, nayo ndiyo inayoendesha viwanda vya kusafisha mafuta, vituo vya umeme, viwanda vya sukari, vya karatasi na vya mbolea duniani kote. Wahandisi wanaiita udhibiti wa kaskedi, neno lenye maana ya maporomoko ya maji yanayoshuka ngazi kwa ngazi. Kidhibiti cha juu kinaangalia kile kinachotakiwa hasa, tuseme joto la mafuta. Hakigusi vali yoyote. Kinakipa amri kidhibiti cha chini, chenye kipimo chake na vali yake, na hicho ndicho kinachohangaika na moto.

Mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya mafundi. Mimi nasema ni historia, tena historia ya swali moja linalomhusu kila mtu aliyewahi kumtuma mwenzake kazi: aliyetoa amri atajuaje kwamba imetekelezwa?

Tuanzie baharini, maana huko ndiko jambo hili lilikojitokeza waziwazi. Mwaka 1858 Waingereza waliishusha majini meli iliyoitwa Great Eastern, kazi ya mhandisi Isambard Kingdom Brunel. Ilikuwa na urefu wa meta 211, na kwa miaka mingi hakuna meli nyingine iliyoifikia kwa ukubwa. Chombo cha namna hiyo hakiongozwi kwa mikono ya mtu mmoja. Usukani wake wa nyuma, ule unaokaa majini ambao watu wa pwani huuita pia shikio, ulisukumwa na bahari kwa nguvu ya kuwashinda watu kadhaa walioning'inia kwenye gurudumu. Septemba 1861, ikitoka Liverpool kwenda Marekani, meli hiyo ilikumbwa na dhoruba karibu na Ireland. Magurudumu yake makubwa ya pembeni yalivunjwa na mawimbi, mhimili wa usukani ukakatika, na jitu lile likabaki linayumba ovyo na mamia ya abiria tumboni mwake. Aliyeiokoa alikuwa mhandisi wa Kimarekani, Hamilton Towle, abiria tu kama wengine, aliyefunga minyororo kwenye kipande cha mhimili kilichobaki hadi meli ikaweza kuelekezwa tena na kujikokota hadi pwani ya Ireland.

Mwaka 1867 Great Eastern ilifungiwa mashine ya mvuke ya kugeuza usukani, iliyobuniwa na mhandisi J. McFarlane Gray. Nguvu ya mvuke peke yake haikuwa jambo geni wakati huo. James Watt alikuwa ameshaweka kidhibiti cha mwendo kwenye injini zake tangu 1788. Jipya lilikuwa hili: mshika gurudumu alipolizungusha, alifungua vali ya mvuke, mashine ikaanza kuusukuma usukani, na usukani wenyewe, kadiri ulivyosogea, uliirudisha ile vali kwenye kufungwa. Ulipofika pembe aliyoitaka, mvuke ulikatika. Wimbi likiupiga usukani na kuutoa kwenye pembe ile, vali inafunguka tena na mashine inaurudisha mahali pake. Mtu wa juu hakuwa na haja ya kujua kwamba wimbi limepiga.

Angalia mgawanyo huo wa kazi. Mshika gurudumu anatazama dira na kuuliza: je, meli inaelekea ninakotaka? Mashine haijui dira wala safari. Inauliza kitu kimoja tu: je, usukani uko kwenye pembe niliyoamriwa? Yule ni mama wa maandazi, huyu ni kijana wa jiko. (Meli hiyo hiyo, kwa faida ya wanaopenda mambo ya kwetu, ndiyo iliyotandaza mwaka 1870 waya wa simu wa chini ya bahari kutoka Bombay hadi Aden, na mwaka 1879 waya mwingine ulitandazwa kutoka Aden ukaifikia Unguja.)

Huko Ufaransa, karibu na Paris, mhandisi Joseph Farcot alikuwa akishughulika na jambo hilo hilo. Mwaka 1873 alitoa kitabu kizima kuhusu mashine za aina hiyo, na jina alilozipa ndilo lililotuachia neno servo, linalotumika mpaka leo katika kila nchi yenye mafundi. Asili ya neno hilo ni Kilatini, nayo maana yake ni mtumwa. Farcot alikuwa anazungumzia mashine iliyotiwa utumwani, isiyo na hiari yake, inayofuata mkono wa bwana wake popote unapokwenda. Baadaye viwandani kidhibiti cha juu kiliitwa bwana na cha chini mtumwa, na vitabu vya uhandisi viliyarudia maneno hayo kwa miongo mingi bila mtu kushtuka.

Sisi tuna sababu ya kushtuka kidogo. Mwaka ule ule wa 1873, mwezi Juni, Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar, kwa shinikizo la Waingereza, alitia saini mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini, na soko la Mkunazini likafungwa. Wakati ambao neno hilo lilikuwa linaondolewa sokoni Unguja, lilikuwa linaingia karakana za Ulaya. Sisemi kwamba Farcot alikuwa na nia mbaya. Siku hizi wahandisi wengi wanapendelea kusema kidhibiti cha kwanza na cha pili, na nadhani wamefanya vema, si kwa adabu tu. Neno mtumwa linapotosha hata kiufundi, kwa sababu kidhibiti cha chini kina kazi moja ambayo mtumwa hakuruhusiwa kuifanya: kina macho yake na uamuzi wake, na kinatakiwa kumjulisha mkubwa inaposhindikana.

Hatua iliyofuata ilikuwa kumwondoa yule mtu kwenye gurudumu. Nicolas Minorsky, Mrusi aliyehamia Marekani, aliwachunguza washika usukani wazoefu na kuona kwamba hawageuzi gurudumu kwa kuangalia tu meli imepotoka kiasi gani. Wanaangalia pia inageuka kwa kasi gani, na kama kuna upepo au mkondo unaoisukuma upande mmoja bila kukoma, wanauweka katika hesabu zao. Mwaka 1922 alichapisha uchambuzi wa kimahesabu wa jambo hilo, na mwaka 1923 majaribio yalifanyika kwenye manowari ya Marekani iitwayo New Mexico. Chombo kilifanya kazi. Hata hivyo kiliondolewa, kwa sababu mabaharia wenyewe walikikataa katakata.

Wapo wanaolisimulia tukio hilo kama kichekesho cha watu wasiopenda maendeleo. Mimi siwacheki. Mtu aliyezoea kuhisi meli kupitia viganja vyake anapoambiwa aketi atazame sanduku, ana haki ya kuuliza sanduku hilo litamwambia nini siku likikosea.

Kutoka melini twende viwandani. Mnamo miaka ya 1930 viwanda vya mafuta na kemikali vya Marekani vilikuwa vimekua kiasi kwamba kumweka mtu kwenye kila vali hakukuwezekana tena. Kampuni ya Foxboro ya Massachusetts ilitoa mwaka 1931 kidhibiti kilichoitwa Stabilog, na Taylor ya Rochester, New York, ilikuwa na chake, Fulscope. Havikutumia umeme. Vilitumia hewa. Hewa iliyoshindiliwa ilipita katika mabomba membamba kutoka kwenye kipimo hadi kwenye kidhibiti, na kutoka kwenye kidhibiti hadi kwenye vali, nayo vali ikafunguka au kufunga kadiri presha ilivyopanda au kushuka. Katika kiwanda chenye mvuke wa petroli, ambako cheche moja inatosha kuleta msiba, hewa ilikuwa mtumishi salama kuliko waya.

Hapo kuna jambo dogo ambalo mimi hulipenda kuliko yote katika historia hii. Lugha iliyozoeleka ya mabomba yale ilikuwa presha ya kati ya paundi 3 na paundi 15 kwa kila inchi ya mraba. Paundi 3 maana yake ni sifuri: hakuna kitu, funga. Paundi 15 maana yake ni kiwango cha juu kabisa. Kwa nini basi sifuri isiwe sifuri yenyewe? Kwa sababu bomba likikatika, presha inaanguka mpaka sifuri halisi, na fundi lazima aweze kutofautisha kati ya kipimo kinachosema hakuna na kipimo kilichokufa. Umeme ulipochukua nafasi ya hewa, wahandisi walibakia na hekima hiyo. Ishara ikawa kati ya miliampea 4 na 20, na sifuri kamili ikaendelea kuwa na maana moja: usiniamini, nimekatika.

Mwaka 1942 John Ziegler na Nathaniel Nichols, wote wa kampuni ya Taylor, walichapisha kanuni za kurekebisha vidhibiti, na kanuni hizo bado zinafundishwa vyuoni. Mwaka 1956 Franks na Worley wakachapisha uchambuzi wa kimahesabu wa mfumo wa ngazi mbili. Tusikae sana hapo. Tuingie kwenye tanuru.

Kiwanda cha kusafisha mafuta, kama kile cha Changamwe, Mombasa, kilichoanza kazi mwaka 1963 na kuacha kusafisha mwaka 2013, kina tanuru linalopasha moto mafuta ghafi kabla hayajaingia kwenye mnara wa kuyachambua. Mafuta ghafi yanatakiwa kutoka kwenye tanuru yakiwa na joto lile lile muda wote. Joto likishuka, petroli na dizeli hazitengani vizuri. Likizidi, mafuta yanaganda kama lami ndani ya mabomba na bomba linaweza kupasuka. Sasa chukua mfumo wa ngazi moja: kipimo cha joto kinaamuru vali ya gesi moja kwa moja. Presha ya gesi ikishuka kwa sababu kitengo kingine kimefungua bomba, vali imebaki pale pale lakini gesi inayopita imepungua. Kipimo cha joto hakijui lolote. Mpaka tanuru zito lile lipoe kiasi cha kuonekana, dakika kadhaa zimepita, na mafuta yaliyopita katika dakika hizo yamekwisha haribika.

Katika kaskedi, kipimo cha joto hakizungumzi na vali. Kinakiambia kidhibiti cha gesi: nataka gesi kiasi hiki kwa saa. Kidhibiti cha gesi kinapima gesi inayopita kweli, si jinsi vali ilivyofunguliwa. Presha ikishuka, kinaona kwa sekunde chache na kuifungua vali zaidi. Joto halitikisiki.

Boila ni shule nyingine nzuri. Viwanda vyetu vya sukari, Kilombero, Mtibwa na kwingineko, vinachoma makapi ya miwa ili kupata mvuke. Maji ndani ya pipa la boila hayatakiwi kupungua, maana mabomba yatakauka na kuyeyuka, wala kuzidi, maana maji yatachukuliwa na mvuke na kuvunja mapanga ya tabo. Ungedhani ni rahisi: pima kina, fungua maji. Lakini kina cha maji yanayochemka kinadanganya. Kiwanda kikivuta mvuke mwingi ghafla, presha katika pipa inashuka, mapovu yanavimba, na kina kinapanda kama maziwa yanayotaka kufurika kwenye sufuria, ingawa maji yenyewe yanapungua. Kidhibiti kinachotazama kina peke yake kitapunguza maji wakati ule ule yanapohitajika zaidi. Dawa iliyopatikana ni kutumia vipimo vitatu: kina, mvuke unaotoka, na maji yanayoingia. Viwili vya kwanza vinaamua ni maji kiasi gani yanatakiwa; cha tatu kinamwangalia anayeyaleta.

Mfumo huu una masharti yake. Wa chini lazima awe mwepesi kuliko wa juu, tena kwa mara kadhaa. Kijana wa jiko akiwa mzito kuliko mafuta yenyewe, mama ataamuru ongeza, kijana atachelewa, mama ataamuru ongeza tena, na moto utakapofika utakuwa mwingi mno. Ataamuru punguza, na yatajirudia yale yale kwa upande wa pili. Kiwanda kizima kinaweza kuyumba hivyo. Sharti jingine ni kwamba wa chini akifika mwisho wa uwezo wake, vali ikiwa wazi kabisa na gesi haitoshi, wa juu aambiwe. Asipoambiwa, ataendelea kulimbikiza madai, na siku gesi itakaporudi madai yote yatalipwa kwa mkupuo.

Sasa nifike mahali ambapo taarifa ya namna hiyo ilikosekana.

Tarehe 28 Machi 1979, saa 10 alfajiri, katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania, pampu za kupeleka maji kwenye mitungi ya kuzalishia mvuke zilizimika. Pampu za akiba zikawaka kama zilivyopangwa. Zilizunguka vizuri, lakini maji hayakwenda, kwa sababu vali zilizo mbele yake zilikuwa zimeachwa zimefungwa baada ya majaribio ya siku mbili nyuma. Zilipita dakika 8 kabla ya mtu kugundua. Amri ya kwanza ilikuwa imetolewa na haikutekelezwa.

Wakati huo presha kwenye mtambo wa nyuklia ilikuwa imepanda, na vali ya usalama iliyo juu ya tangi la presha ikafunguka kuipunguza. Sekunde chache baadaye presha ilishuka, na amri ikatumwa vali ijifunge. Kwenye ubao wa chumba cha udhibiti, taa yake ikazimika. Watu wa zamu wakasoma walichofundishwa kusoma: vali imefungwa.

Haikuwa imefungwa. Ilikwama wazi. Taa ile haikuunganishwa na vali yenyewe. Iliunganishwa na umeme unaoiamuru vali. Ilikuwa inaripoti amri, na wale mabwana wakadhani inaripoti kazi.

Kwa muda wa zaidi ya saa mbili maji ya kupoza nyuklia yalivuja kupitia tundu hilo. Ving'ora na taa za hatari zaidi ya 100 vilikuwa vikilia na kuwaka. Geji ya joto kwenye bomba la kutolea ilionyesha kuna moto usio wa kawaida, lakini vali hiyo ilikuwa na tabia ya kuvuja kidogo tangu zamani, kwa hiyo joto lile halikuwashtua. Na kina? Kina katika tangi la presha kilionekana kiko juu, tena kinapanda, kwa sababu mvuke uliokuwa unajitengeneza chini ulikuwa unayasukuma maji juu. Ni udanganyifu wa ukoo mmoja na ule wa pipa la boila. Watu wa zamu, waliojifunza kazi yao katika jeshi la majini la Marekani, walikuwa wamefundishwa kuogopa tangi hilo lisijae. Wakayapunguza maji ya dharura yaliyokuwa yanaingia yenyewe kuuokoa mtambo.

Saa 12 na dakika 22 asubuhi hatimaye ilifungwa vali nyingine iliyo kwenye bomba hilo hilo. Uvujaji ukakoma. Lakini saa nyingine nyingi zilipita kabla mtambo haujatulia, na ulipofunguliwa miaka kadhaa baadaye ilionekana kwamba karibu nusu ya kiini chake kilikuwa kimeyeyuka. Hakuna aliyekufa siku ile, na mionzi iliyotoka nje ilikuwa kidogo. Hata hivyo watu wapatao 140,000 waliyahama makazi yao kwa hofu katika siku zilizofuata.

Ilikuwa rahisi kuwatupia lawama wale wa zamu, na wengi waliwatupia. Tume iliyoundwa na Rais Jimmy Carter, chini ya uenyekiti wa John Kemeny, ilikiri makosa yao lakini ikaenda mbali zaidi: kwa waliowafundisha, kwa waliobuni chumba kile, na kwa wakubwa waliokuwa na onyo mkononi. Maana Septemba 1977, katika kituo cha Davis-Besse, Ohio, vali ya namna hiyo hiyo ilikuwa imekwama wazi vile vile. Wa zamu wa kule waliligundua jambo hilo baada ya dakika 20 hivi na balaa likapita. Habari hiyo ilijulikana kwa waliotengeneza mitambo hiyo, lakini haikuwafikia watu wa Three Mile Island kwa namna ya kuwasaidia. Amri zilishuka kwa utaratibu, taarifa haikupanda.

Nawakumbuka hapo wale mabaharia wa New Mexico na sanduku lao.

Mtambo ule wa pili wa Three Mile Island haukuwashwa tena. Kazi ya kutoa mabaki ya kiini chake ilimalizika mwaka 1990. Mtambo wa kwanza, uliokuwa jirani yake, uliendelea kuzalisha umeme hadi mwaka 2019. Na miongoni mwa maagizo ya mwanzo kabisa ambayo mamlaka ya nyuklia ya Marekani iliyatoa kwa vituo vyote baada ya ajali, moja lilihusu ile taa. Lilisema kipimo cha vali ya usalama kisichukuliwe tena kwenye amri. Kichukuliwe kwenye vali yenyewe, au kwenye kile kinachopita katika bomba linalotoka humo.